Kuchagua kiini cha sumaku kwa kihisi mkondo cha masafa ya juu: anza na masafa ya chini

Anayetafuta kiini cha kihisi mkondo cha masafa ya juu mara nyingi hufungua datashiti na kusaka feraiti (kauri ya sumaku) iliyoandikiwa MHz nyingi kuliko zote. Hapo sipo pa kuanzia. Katika transfoma ya mkondo, yaani pete ya sumaku iliyozungushiwa koili na kufungwa rezista ya mzigo, kiini huamua mambo mawili: kihisi kitashuka hadi masafa gani ya chini, na kitahimili DC kiasi gani kabla hakijashiba, yaani kabla ya kufika mwisho wa sumaku kinayoweza kubeba. Upande wa juu huamuliwa zaidi na koili yenyewe, urefu wa waya wake na namna ulivyozungushwa. Ukianza na masafa ya chini na DC, nusu ya viini vilivyo mezani vitajiondoa vyenyewe.

Mfano tutakaoutumia ni kazi ya kawaida kwa fundi wa inverta za sola au pawasaplai za swichi: kuona kwa osiloskopu mkondo wa mosfeti inayowaka na kuzima mara 100,000 kwa sekunde (100 kHz), kilele chake 10 A. Kiini ni pete yenye kipenyo cha nje 25 mm, cha ndani 15 mm, na kimo 10 mm. Eneo lake la mkato ni 50 mm², na njia ya sumaku ina urefu wa karibu 63 mm. Koili ina mizunguko 50. Mwishoni mwa koili kuna rezista ya 50 Ω, kisha kebo ya koaksi ya 50 Ω inayoingia kwenye osiloskopu iliyowekwa 50 Ω. Koili basi inaona 25 Ω, na kihisi kinatoa 25 ÷ 50 = 0.5 V kwa kila ampea.

Masafa ya chini

Mpaka wa chini, pale ishara inaposhuka hadi 0.707 ya kimo chake, ni huu:

f = R ÷ (2π × L)

R ni mzigo ambao koili inauona (ongeza ukinzani wa waya wa koili ukiwa mkubwa), na L ni indaktansi ya koili. L = N² × AL. N ni idadi ya mizunguko, AL ni indaktansi ya mzunguko mmoja, na kwa pete AL hupatikana hivi: 0.0002 × µ × kimo kwa mm × ln(kipenyo cha nje ÷ cha ndani), jibu likiwa kwa µH. Kwa pete yetu, kila 1,000 ya upenyezaji µ (jinsi kiini kinavyosumakika kirahisi) inakupa karibu 1.02 µH. Matokeo kwa vifaa mbalimbali, kwa pete ileile na koili ileile, ni haya (43, 61, N87 na T38 ni majina ambayo watengenezaji wamezipa aina za feraiti):

| Kifaa cha kiini | µ | AL | L kwa mizunguko 50 | Mpaka wa chini |
|---|---|---|---|---|
| Unga wa chuma (pete ya njano yenye upande mweupe) | 75 | 0.077 µH | 0.19 mH | 21 kHz |
| Feraiti ya nikeli na zinki, aina 61 | 125 | 0.13 µH | 0.32 mH | 12 kHz |
| Feraiti ya nikeli na zinki, aina 43 | 800 | 0.82 µH | 2.0 mH | 1.9 kHz |
| Feraiti ya manganizi na zinki, N87 | 2,200 | 2.25 µH | 5.6 mH | 710 Hz |
| Feraiti ya manganizi na zinki, T38 | 10,000 | 10.2 µH | 25 mH | 156 Hz |
| Nanokristali | 30,000 | 24 µH | 60 mH | 66 Hz |

Kwa nanokristali tumekata karibu robo ya eneo, kwa sababu utepe wake uliokunjwa haujazi nafasi yote. Kumbuka pia kwamba µ ya feraiti kiwandani hutofautiana kwa asilimia 20 hadi 30 juu au chini, hivyo piga hesabu kwa µ ndogo kabisa inayoruhusiwa na datashiti.

Mpaka wa chini una maana gani kwa wimbi la mraba? Kichwa cha wimbi, ambacho kilipaswa kuwa bapa, huinama. Muda wa L ÷ R kwa N87 ni 225 µs, kwa hiyo baada ya 2.25 µs wimbi limeshuka asilimia 1. Mosfeti ya 100 kHz huwaka si zaidi ya 10 µs, na mwinamo utakuwa chini ya asilimia 5. Kwa pete ya unga wa chuma L ÷ R ni 7.7 µs tu, na wimbi litakuwa limeanguka karibu nusu ndani ya 5 µs tu. Hii ndiyo sababu pete ya njano-nyeupe iliyofunguliwa kwenye pawasaplai ya kompyuta haifai hapa hata kidogo, ingawa ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko zote. Ile ilitengenezwa kuhifadhi nishati kwenye choki, na µ yake ndogo ni ya makusudi.

DC ndiyo inayoua vihisi vingi

Kwa jedwali peke yake, nanokristali na T38 zinaonekana kushinda. Sasa weka DC.

Mkondo wa mosfeti unakwenda upande mmoja tu. Ukiwa na kilele cha 10 A na mosfeti inawaka nusu ya muda, wastani wake ni 5 A, na wastani huo kwa kiini ni DC kamili. Koili haiwezi kuupinga, kwa sababu transfoma haipitishi DC. Kwa hiyo ampea zote 5 zinakisumaku kiini zikiwa peke yake. Msongamano wa sumaku, kwa tesla (T), ni B = µ0 × µ × I ÷ urefu wa njia kwa mita, ambapo µ0 ni 4π × 10⁻⁷ na I ni mkondo wa DC. Kwa N87: 0.22 T. N87 hushiba karibu 0.49 T kwenye joto la 25 °C na karibu 0.39 T kwenye 100 °C, basi hapa iko salama. Kwa T38 hesabu inatoa 1.0 T, na T38 hushiba chini ya 0.4 T. Kiini kitashiba kabla milisekunde moja haijaisha tangu mosfeti ianze kazi.

Ukiweka kikomo cha tahadhari cha 0.2 T kwa feraiti, DC ambayo pete hii inahimili ni karibu 4.5 A kwa N87 (5 A ya mfano wetu inakizidi kidogo tu) na 1 A tu kwa T38. Aina 43 ingefika 12 A kwa hesabu hiyo hiyo. Nanokristali hushiba juu sana, karibu 1.2 T, lakini µ ya 30,000 inaifikisha nusu ya hapo kwa 1 A tu. Watu wengi wanaiona ile 1.2 T kwenye datashiti na kudhani wamepata kiini kisichoshiba. Kwa DC, kiini chenye µ kubwa hushiba mapema, hata kama B yake ya juu kabisa ni kubwa.

Kwenye osiloskopu, kiini kilichoshiba hutambulika hivi: mwanzo wa kila pigo unaonekana sawa, kisha wimbi linaporomoka ghafla kuelekea sifuri wakati mkondo halisi bado unapanda. Ukiupunguza mkondo na wimbi likarudi kuwa bapa, hiyo ni shibe, si mwinamo wa kawaida. Mwinamo wa kawaida haubadiliki kwa asilimia mkondo unapobadilika.

DC ikizidi kikomo, una njia tatu za kweli.

Ya kwanza ni pengo. Pete ya N87 iliyokatwa nusu mbili, kila kiungo kikawekwa utepe wa kaptoni wa 0.05 mm, ina pengo la jumla la 0.1 mm. Upenyezaji halisi unakuwa µ ÷ (1 + µ × pengo ÷ urefu wa njia), yaani 2,200 ÷ 4.5, karibu 490. DC inayohimiliwa inapanda hadi karibu 20 A, na mpaka wa chini unapanda kwa uwiano uleule hadi 3.2 kHz. Hakuna kinachopatikana bure hapo. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa karibu 0.1 mm, hivyo ukiitumia kwenye viungo vyote viwili pengo ni 0.2 mm, na hesabu ibadilike. Feraiti hukatwa kwa diski ya almasi pamoja na maji, polepole. Ukibana kwa nguvu inapasuka vipande.

Ya pili ni koili ya kupinga. Zungusha mizunguko 10 zaidi na upitishe DC ya 0.5 A upande ulio kinyume: hiyo inafuta ampea 5. Lazima ipitie choki yenye indaktansi kubwa. Ukiifunga moja kwa moja kwenye pawasaplai, koili hiyo itaishoti ishara unayotaka kuipima, na kihisi kitaonekana kimekufa.

Ya tatu ni kuacha kiini kabisa. Koili ya Rogowski haina sumaku ya kushiba, na kwa mikondo ya mamia ya ampea ndiyo tungeanza nayo. Inatoa mabadiliko ya mkondo, si mkondo wenyewe, hivyo inahitaji saketi ya kujumlisha. Nayo pia haioni DC. Ukihitaji kuisoma DC yenyewe, kihisi cha Hall kilichokaa ndani ya pengo la kiini ndicho kinachofaa.

Je, masafa ya juu yanahitaji feraiti ya masafa ya juu?

Mara nyingi hapana, na hili linawashangaza wengi. Angalia kwanza B kwenye 100 kHz. Mkondo wa sine wa kilele cha 10 A unatoa 5 V kwenye mzigo, na B = V ÷ (2π × f × N × eneo) = 3.2 mT. Kiini hakifanyi kazi yoyote nzito hapo. Hasara za kiini, ambazo zinatawala uchaguzi wa transfoma ya nguvu, hapa ni ndogo mno. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo B inavyozidi kushuka, kwa hiyo kiini hushiba upande wa chini wa masafa, kamwe si upande wa juu.

Halafu kuna kushuka kwa µ. Feraiti yenye µ kubwa huanza kuipoteza mapema: T38 inabaki tambarare hadi mia kadhaa za kHz tu, N87 hadi karibu 1 MHz, aina 61 hadi makumi ya MHz. J. L. Snoek wa maabara za Philips alieleza miaka ya 1940 kwamba katika feraiti hizi µ kubwa na masafa ya juu haviendi pamoja. Lakini kihisi hakihitaji µ ibaki tambarare. Kinahitaji ukinzani wa L kwenye masafa hayo uwe mkubwa mara nyingi kuliko mzigo. Tuseme µ ya N87 imeporomoka hadi 100 kwenye 20 MHz. L ya koili yetu ni 0.26 mH, na ukinzani wake ni karibu 32,000 Ω dhidi ya mzigo wa 25 Ω. Kihisi hakitaona tofauti.

Feraiti ya nikeli na zinki inakuwa na maana unapotumia mizunguko michache, kama 5 au 10, ili kupima makumi au mamia ya MHz, na hujali kitu chini ya kHz chache. Sababu moja ni umeme unaopita ndani ya kiini chenyewe. Manganizi na zinki hupitisha umeme kiasi, ukinzani wake ukiwa kati ya 0.1 na 10 Ω·m hivi, na uwezo wake wa kuhifadhi chaji unaweza kufika mara 100,000 ya hewa. Kwa µ ya 2,000, wimbi la 1 MHz ndani yake lina urefu wa karibu sentimita 2. Pete nene inapofikia nusu ya urefu huo, sumaku haijazi tena mkato wote, na µ inaanguka mapema kuliko datashiti inavyosema, kwa kuwa datashiti hupimwa kwa pete ndogo. Nikeli na zinki ina ukinzani mkubwa mara maelfu, na tatizo hilo halipo.

Nanokristali, iliyotangazwa na Yoshizawa na wenzake wa Hitachi mwaka 1988, ni utepe wa chuma wa unene wa karibu 20 µm. Ni chaguo zuri sana kwa kihisi kinachotakiwa kuanzia makumi ya Hz hadi MHz kadhaa, mradi mkondo ni wa AC safi. Agiza aina yenye kitanzi bapa cha B na H (mchoro wa sumaku ya kiini dhidi ya nguvu inayoisumakisha), ambayo sumaku inayobaki baada ya mkondo kuzimwa ni ndogo. Aina ya kitanzi cha mraba ikishasumakishwa hubaki hivyo, na pigo linalofuata likiwa upande uleule halina nafasi tena.

Bati za silikoni za transfoma ya 50 Hz weka kando. Unene wake wa mamia ya µm unaruhusu mikondo ya ndani kuizima sumaku kabla ya kufika hata 100 kHz.

Kinachoamua upande wa juu ni koili

Zungusha waya wa shaba wa 0.3 mm, ule wa kuwaindi mota, tabaka moja, ukiutawanya sawasawa kuzunguka pete yote. Mzingo wa ndani ni 47 mm, mizunguko 50 inachukua chini ya 20 mm, nafasi ipo. Koili iliyorundikwa upande mmoja hubadilisha jibu kila unaposogeza waya unaopimwa ndani ya tundu. Ukimaliza, rudisha ncha ya waya kuzunguka pete hadi ulipoanzia, ili koili isiwe kitanzi kinachonasa sumaku za nje.

Waya huu una urefu wa karibu 1.65 m. Ishara inachukua ns 8 hivi kuupita, na kwenye 30 MHz hivi tayari ni robo ya wimbi. Hapo ndipo ukomo wa kihisi hiki ulipo, na hakuna feraiti itakayouondoa. Unataka MHz zaidi, punguza mizunguko, kisha rudi kwenye hesabu ya L, kwa sababu mizunguko 25 inakupa robo tu ya indaktansi.

Rezista ya 50 Ω iwe rezista nne za 200 Ω, za filamu ya metali, sambamba. Usitumie rezista nyeupe ya kauri yenye waya ndani: indaktansi ya 1 µH peke yake ni 63 Ω kwenye 10 MHz. Osiloskopu isiyo na 50 Ω ndani iwekewe rezista ya kumalizia kebo (terminator) ya 50 Ω kwenye kiingilio. Ukisahau, mzigo unakuwa 50 Ω badala ya 25, kihisi kinatoa 1 V kwa ampea, na mpaka wa chini unapanda hadi 1.4 kHz. Usomaji maradufu ya matarajio karibu kila mara ni hilo. Wala usipitishe mkondo mkubwa koili ikiwa wazi bila mzigo. Volteji inapanda kupita kiasi na kiini kinashiba.

Nodi ya swichi (kiungo ambacho volteji yake hupanda na kushuka kila swichi inapofanya kazi) inayoruka kwa 50 V kwa ns, kama ilivyo kwa swichi za kasi za SiC na GaN, inapitisha 0.25 A kupitia pF 5 tu kati ya waya na koili. Kwenye mzigo wetu hiyo ni 6 V za uongo. Funga utepe wa shaba kuzunguka koili kama ngao, uuunganishe na graundi ya kebo, na uache mwanya ambapo ncha zake zinakutana. Ncha zikigusana, umetengeneza mzunguko mmoja wa shoti. Bora zaidi, pitisha pete upande wa graundi wa mosfeti.

Kiini usichokijua

Kwenye masanduku ya vipuri pete nyingi hazina jina. Zungusha mizunguko 10, pima indaktansi kwa mita ya LCR kwenye 10 kHz, gawa kwa 100 upate AL, kisha geuza kanuni ya juu upate µ. Karibu na 75 ni unga wa chuma. Kati ya 4,000 na 10,000 huenda ni choki ya kichujio cha mtandao wa umeme, mara nyingi ya kijani, na inafaa kwa AC isiyo na DC. Kwangua rangi kidogo na uguse kwa ncha za multimita: manganizi na zinki huonyesha ukinzani unaosomeka, nikeli na zinki haionyeshi kitu. Kwa sababu hiyohiyo, pete ya manganizi iliyokwanguka pembeni huikata vanishi ya waya na kuunganisha mizunguko kupitia kiini. Funga utepe kabla ya kuzungusha.

Viini vya kubana, vyenye nusu mbili, vina mwanya hata vikisuguliwa vizuri. Kwa pete ya ukubwa wetu, mikroni 10 kila upande zinaishusha T38 kutoka 10,000 hadi karibu 2,400, huku N87 ikibaki karibu 1,290. Kulipia µ kubwa kwa kiini cha kubana ni kupoteza sehemu kubwa ya fedha. Vumbi kwenye uso wa kiungo hufanya jambo lilelile, kwa hiyo futa nyuso kabla ya kila kipimo.

Epoksi inayosinyaa ikikauka hubana kiini na kushusha µ. Nanokristali ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo sababu huuzwa ndani ya kikopo cha plastiki. Tumia silikoni laini. Aina 61 na jamaa zake usiziweke karibu na sumaku kali: µ yake hubadilika na hairudi. T38 na feraiti nyingine za µ kubwa hupoteza usumaku wake muda si mrefu baada ya 130 °C, kwa hiyo zisikae zimegusana na hitisinki.

Kupima kabla ya kuamini

Pitisha tundu la pete waya mmoja uliounganishwa na jenereta ya ishara kupitia rezista ya 50 Ω. Shusha masafa kutoka 100 kHz hadi ishara ifike 0.707, linganisha na jedwali. Kisha panda hadi ishara ianze kuinuka au kuanguka, hapo ndipo koili ilipokomea. Mwisho, weka DC ya kweli ya kazi yako kwa waya wa pili unaopita tundu hilohilo, na urudie kipimo cha chini. Waya huo nao lazima ulishwe kupitia choki, la sivyo utaishoti ishara. Mpaka wa chini ukipanda kwa zaidi ya theluthi, kiini kinakaribia kushiba.

Kiini kilichowahi kushibishwa kiondolewe sumaku kabla ya kipimo kingine. Lisha koili kwa AC ya masafa ya chini hadi kiini kishibe pande zote mbili, kisha punguza polepole hadi sifuri. Kwa nanokristali ya pete hii jenereta ya ishara inatosha. N87 inahitaji karibu 0.4 A kwenye mizunguko 50, kutoka transfoma ndogo ya 50 Hz yenye rezista mfululizo, na mkondo ushushwe taratibu. Ukichomoa ghafla, kiini kinabaki na sumaku palepale ulipokiachia.